Hatupigi Mara Mbili

"Hatupigi mara mbili," karani wa dirishani alisema bila kuinua uso. "Nafasi ya upasuaji ikipatikana, tunapiga simu. Msipopokea, tunampigia anayefuata. Msije mkatulilia hapa."

Mzee Oveni alikuwa ameinama. Sijui ni nani aliyekitoboa kile kidirisha chini namna ile, lakini kila mtu mzima anayetaka huduma hospitalini pale lazima apinde mgongo kama anayeomba radhi. Alikuwa amesalimia mara mbili, yeye mwenye mvi zake, na hakuna salamu hata moja iliyoitikiwa. Jina la Oveni alipewa kiwandani anakochoma biskuti, na mpaka mkewe alikuwa amelizoea. Huyo mkewe alikuwa kwenye benchi nyuma yake, amejishika shingo. Uvimbe wa kooni ulikuwa umeshamnyang'anya sauti, akabaki na mkwaruzo wa pumzi tu, na sasa ulikuwa umeanza kumkaba hata akilala. Daktari wa kuuondoa alikuwa mgeni, amekuja kwa siku chache, na hakuna aliyejua atarudi lini. Ama mama apate nafasi safari hii, ama akakae nyumbani angoje koo lizibe.

"Dada yangu," Oveni alibembeleza, "hamwezi kututumia meseji? Meseji ikiingia tu, sisi tuko njiani."

"Mzee, hapa hatuandikiani meseji. Nikiandika, nitajuaje mmeona? Nataka nisikie mtu ananiambia tunakuja. Namba iliyo kwenye faili ni ya mgonjwa. Nani atapokea?"

Swali lenyewe jepesi, lakini Oveni ilibidi apige hesabu. Simu yake yeye hulala getini kiwandani, ndani ya sanduku la mlinzi, toka anapoingia mpaka anapotoka. Ndiyo amri ya pale, na waliowahi kuingia na simu mfukoni sasa hivi wanazunguka mitaani kutafuta kazi. Mkewe hana sauti. Alibaki mtu mmoja.

"Binti yangu atapokea," akasema.

Kule kwenye benchi mama alitikisa kichwa kwa nguvu, akainua na mkono, lakini karani alikuwa ameshaita mwingine.

"Na mgonjwa asile kitu asubuhi mpaka tuseme," karani aliongeza. "Haya, pisha mzee."

*

Binti mwenyewe alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita. Fundi cherehani wa mtaa wa pili humletea mashati, yeye anashona vifungo na kupiga pindo, na kwa kazi hiyo mtaa mzima ukamwita Vifungo. Kazi yake safi. Maneno yake machache, lakini yamenyooka. Ana kwa ana huongea na mtu bila wasiwasi mkubwa, ingawa hamwangalii usoni na wengine humwona ana maringo. Tatizo ni simu. Ikiita, anasimama. Ikiendelea kuita, anatoka nje. Siku zote mama ndiye aliyekuwa anapokea, hata simu za fundi, kisha anamwambia Vifungo kilichosemwa. Na sasa mama hana sauti.

Zamani mtaalamu mmoja aliwaambia wazazi neno usonji na akakaa nao kitako kuwaeleza. Oveni alitoka pale na nusu ya maelezo, ile iliyosema kwamba mtoto si mgonjwa. Hiyo aliipenda sana. Ile nusu nyingine, kwamba yako mambo ambayo kwa wengine ni mepesi na kwa huyu yatakuwa mlima maisha yake yote, aliiacha kule kule.

Jioni ile walikaa wote watatu chumbani. Mama aliandika kwenye simu yake, akamnyooshea mumewe kioo: *Mpe Mama Pacha wa jirani simu. Yupo nyumbani mchana kutwa.*

"Mama Pacha!" Oveni aliruka. "Yule ukimwambia jambo saa hii, ukifika kona unalisikia kwa muuza mkaa. Si yeye aliyewaambia watu kwamba koo lako ni la kuambukiza? Leo nikampigie magoti? Sifanyi!"

Mama aliandika tena: *Usimtese mtoto.*

"Namtesa nini? Nani kamwambia abebe gunia? Ni kupokea simu, jamani! Simu! Watoto wa chekechea wanapokea simu!" Akamgeukia binti yake, akateremsha sauti. "Vifungo. Mwanangu. Niambie ukweli wako. Hutaki au huwezi?"

Vifungo alikuwa anakata uzi kwa meno. Aliuweka pembeni kwanza.

"Nataka," alisema. "Ila kwenye simu sioni mdomo. Mtu akiwa hapa naangalia mdomo wake, ukifunga najua amemaliza, nasema mimi. Kwenye simu sijui amemaliza au anapumua. Nikisubiri, ananiambia hallo hallo. Nikisema, tunagongana. Nikinyamaza nifikirie, anadhani nimekata. Halafu sauti inaingia sikioni moja kwa moja, na makelele ya huko aliko yote yanakuja nayo, siwezi kuyatoa. Na sijui atasema nini."

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Oveni aliyasikia yote, na kwa bahati mbaya alilichukua lile la mwisho tu.

"Basi!" alisema, akapiga paja. "Kama shida ni hujui atasema nini, mimi nitakufundisha atakachosema."

*

Wakaanza mazoezi. Oveni alikuwa anatoka kiwandani ananuka sukari iliyoungua, ananawa, anaingia jikoni na kufunga mlango. Vifungo anabaki chumbani na simu ya mama sikioni. Oveni anatoa sauti nyembamba kupitia mlangoni.

"Hallo, habari za asubuhi! Hapo ni nyumbani kwa mgonjwa wa koo?"

"Mbona unaongea kama mbuzi?" Vifungo aliuliza.

"Ndiyo sauti ya kike hiyo! Wewe jibu tu."

"Yule dada wa hospitali ana sauti hii?"

"Vifungo!"

"Ndiyo. Mimi ni binti yake. Mama hawezi kuzungumza, ninasema badala yake."

"Vizuri sana binti. Nafasi imepatikana. Mnaweza kuja sasa hivi?"

"Tunakuja sasa hivi. Hajala kitu."

"Asante sana, tunawasubiri!"

Hata mama alicheka, kicheko cha mabega tu. Walirudia na kurudia, mpaka Oveni akisema nusu, Vifungo yuko tayari na yake. Alikuwa hakosei hata neno. Mzee wa watu akajaa matumaini. Alilala akitabasamu, akaamka akipiga mluzi, na kazini aliwaambia wenzake kwamba mtoto wake anaendelea vizuri, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ila alifanya kosa moja, na kosa lenyewe lilitokana na adabu yake. Katika mazoezi yote yale alimtengenezea bintiye karani mpole, anayesalimia, anayesema neno moja kisha anasubiri. Karani wa namna hiyo yeye mwenyewe hakumwona pale dirishani. Alimtengeneza kwa jinsi ambavyo angependa awe.

Siku moja alijaribu njia nyingine. Alimfuata msimamizi wa kiwanda, kijana ambaye angeweza kumzaa, akamwomba aruhusiwe kubaki na simu mfukoni kwa siku hizi chache tu.

"Mzee Oveni," msimamizi alisema, na sauti aliipandisha ili wengine nao wasikie, "kila mtu humu ndani ana mgonjwa. Nikikuruhusu wewe, kesho nitakuwa na ukumbi mzima uko kwenye simu. Kama unaona kazi imekushinda, kaa nyumbani upokee simu zako. Wapo vijana wanaitaka hiyo oveni."

Oveni alisema samahani. Aliisema mara mbili, ya pili bila sababu yoyote, kisha akarudi kwenye joto lake.

*

Simu iliita asubuhi. Vifungo alikuwa ameshika shati jeupe, mama amelala kiubavu kwa sababu chali pumzi hazipiti. Kila asubuhi alikuwa anashinda na njaa mpaka mchana akingoja, na mwili ulikuwa umeanza kumwisha.

Vifungo hakutoka nje. Tumpe haki yake. Alisimama, akabonyeza, akaweka sikioni. Mama alijiinua kwenye mto akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto akijaribu hatua ya kwanza.

Kwanza zilikuja kelele. Magurudumu ya kitanda kinachosukumwa, mtoto analia, chuma kimeanguka, na katikati ya yote hayo sauti ya mwanamke anayezungumza na mtu mwingine kabisa: "Siyo hapo, weka kule, nimekwambia kule! Hallo?"

Vifungo alingoja habari za asubuhi.

"Hallo? Hallo! Nani hapo?"

Swali hilo halikuwamo. Alilitafuta kwenye yale aliyojifunza, hakuliona. Akavuta pumzi aanze na jibu lake la kwanza, na hapo hapo karani naye akaanza, wakagongana. Vifungo akanyamaza ampishe. Karani naye akanyamaza. Vifungo akaanza tena, karani naye akaanza tena.

"Ndiyo. Mimi ni—"

"Unanisikia? Hallo? Mtandao gani huu! Wewe, kuna mtu mkubwa hapo?"

"Mimi ni mtu mkubwa," Vifungo alisema.

Sauti yake ndogo na bapa, haipandi wala haishuki. Kwa asiyemwona, ni ya mtoto wa darasa la pili.

"Hebu acha mchezo. Mpe mama simu."

"Mama yupo."

"Nimesema mpe! Haraka, nina watu hapa!"

Alipaswa kusema kwamba mama hawezi kuzungumza. Maneno aliyajua, alikuwa ameyasema mara nyingi jana yake na juzi yake. Lakini yalikuwa ni majibu ya swali jingine, na huyu alikuwa ameamrisha. Makelele yalikuwa yamemjaa kichwani mpaka hakuna pa kuweka neno. Akafanya alichoamriwa, akampa mama simu.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Alijitahidi, jamani. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na machozi yakamtoka. Kilichopita ni hewa, mkwaruzo, kisha kikohozi.

"Nyie watoto mna laana," karani alisema. "Watu wanakufa huku mnanichezea simu!"

Ikakatika.

Mama alibaki ameishika simu sikioni. Vifungo aliiangalia midomo ya mama, ambayo ilikuwa inaendelea kusema bila sauti: tunakuja, tunakuja, tunakuja.

*

Alimwambia mama, "Ngoja hapa," akatoka na kandambili zake, sindano ingali imechomekwa kifuani kwenye gauni. Alikimbia njia yote. Honi zilimtisha, mtu mmoja alimzomea, kandambili moja ikamtoka akaiacha. Hospitalini kulikuwa na foleni, na yeye, ambaye katika maisha yake hajawahi kuruka foleni, aliiruka. Watu wakamtukana. Aliinama kwenye kidirisha akautazama mdomo wa karani.

"Mimi ni binti wa mgonjwa wa koo," alisema, moja kwa moja, bila kukwama hata mara moja. "Mama hawezi kuzungumza, ninasema badala yake. Tunakuja sasa hivi. Hajala kitu."

Karani aliweka kalamu chini. Hakuwa mwanamke mbaya huyu. Toka alfajiri alikuwa anapigiwa kelele na madaktari upande mmoja na wagonjwa upande wa pili, simu ameibana na bega, chai yake imepoa mezani hajaigusa.

"Ni wewe uliyepokea?"

"Ni mimi."

"Nilidhani mtoto. Halafu nikasikia mtu anahema..." Akajishika paji la uso. "Sasa dada, kwa nini hukusema hivi kwenye simu? Mbona unasema vizuri tu!"

"Kwenye simu sikukuona."

Karani alimtazama, akatazama mguu wake usio na kandambili, uliojaa vumbi na damu kidogo kidoleni. Watu wa foleni walikuwa wananung'unika.

"Nafasi nimeshampa mwingine. Ameshaingizwa ndani, ameshachomwa sindano ya usingizi. Siwezi kumtoa mtu mezani."

"Kesho?"

"Huyo ndiye wa mwisho. Daktari anaondoka kesho."

"Atarudi?"

"Akirudi tutawa..." Karani alisita. "Mje muulize. Mje wenyewe hapa. Wiki ijayo, au mwezi ujao, mimi sijui dada yangu, hawatuambii. Pole sana."

Kwenye benchi, pale pale alipowahi kukaa mama, kijana mmoja alikuwa anaongea kwenye simu kwa sauti ya juu huku anafuta machozi. "Wametupigia! Mama yuko ndani sasa hivi! Nakwambia wametupigia!" Alimaliza na mtu mmoja, akapiga kwa mwingine, akarudia maneno yale yale kwa furaha ile ile, na kila aliyempigia alimwelewa.

Vifungo alisimama mbele yake mpaka akamaliza.

"Aliyeingia ni mama yako?"

"Ndiyo dada."

"Apone," Vifungo alisema, akaenda zake.

*

Oveni alirudi jioni, mfuko wa biskuti zilizovunjika mkononi. Kabla hajavua viatu aliuliza swali lake la kila siku.

"Wamepiga?"

"Wamepiga," Vifungo alisema.

Mfuko ulimponyoka. "Na wewe?"

"Nilipokea."

Mzee alipiga yowe. Alimshika binti yake mabega, jambo ambalo Vifungo halipendi na siku zote baba alikuwa anakumbuka kutolifanya, leo akasahau. Akamwachia, akamkimbilia mkewe kitandani.

"Umesikia mama yake? Amepokea! Mtoto amepokea simu!" Alicheka, akalia, akacheka tena. "Nilisema mimi! Si nilisema? Mlinicheka hapa na sauti yangu ya mbuzi!"

Mama alikuwa anapiga godoro kwa kiganja, anatikisa kichwa, mkono mwingine unapapasa shukani kutafuta simu aandike. Oveni aliudaka mkono huo akaubusu. Alidhani ni furaha. Vifungo alijaribu kuingiza neno mara mbili, baba hakumpa nafasi, na mzee aliposhindwa kuzuia furaha yake ndani ya chumba kidogo kile alifungua dirisha akamwita hata yule jirani aliyekuwa amekataa kumpigia magoti.

"Mama Pacha! Jirani! Vifungo amepokea simu ya hospitali! Mlisema hawezi! Amepokea, peke yake!"

"Wee! Kweli?" sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa ua. "Nakuja!"

Oveni alifunga dirisha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda anahema. "Haya mwanangu. Wamesema twende lini?"

"Hatuendi. Nafasi amepewa mama wa kijana mmoja. Daktari anaondoka kesho."

Tabasamu lilibaki usoni pa mzee kitambo, halijapata habari.

"Si umesema ulipokea?"

"Nilipokea. Nilisubiri aseme maneno yako, baba. Hakuyasema." Vifungo alikuwa anatazama sakafu, kwenye biskuti. "Nikakimbia hospitali. Huko nilisema yote vizuri. Walikuwa wameshampa."

Oveni alimgeukia mkewe, kama alivyomgeukia miaka yote akitaka kuelezwa jambo la mtoto huyu. Mkewe alikuwa ameshaipata simu. Aliishika, akaiangalia, lakini hakuandika kitu. Pumzi yake ilisikika chumba kizima. Mzee alitaka kumkasirikia mtu na hakumwona wa kumkasirikia humo ndani zaidi ya yeye mwenyewe, na hilo lilimuuma.

Mlango ukagongwa.

"Hodi hodi!" Mama Pacha aliita, sauti imejaa kicheko, na ilionekana hakuja peke yake. "Hodi jamani! Tumekuja kumpongeza Vifungo wetu! Mama yake, umepona wewe! Wenyewe wapo?"

Akagonga tena.

"Hodi! Mbona kimya?"

Ndani hakuna aliyeitikia.